Ngoma Nne za Mzee Mutembei

Siku niliyompoteza Makandi nilikuwa nimevaa shati jeupe alilonichagulia yeye mwenyewe, na viatu nilivyoazima kwa Jumaa. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akanilaumu kwamba nilimficha. Sura hii haina harusi. Mwenye kutaka harusi afunge kitabu hapa, aende akalale.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, na anayeijua Nkubu anajua Julai ya huko. Ukungu huteremka kutoka mlimani ukakaa juu ya migomba mpaka karibu adhuhuri, na ukiondoka unaacha manyunyu. Tulitoka Embu alfajiri kwa pikapu ya Jumaa. Jumaa ni mchinjaji pale mtaa wa Majimbo, jirani yangu wa miaka kumi, na pikapu yake hubeba nyama siku sita za wiki. Siku hiyo ilibeba ngoma nne, ubao mpana wa kuchezea, shuka jeupe, kompyuta na projekta yake, na mwanamume wa miaka arobaini na sita aliyekuwa akitetemeka, wala si kwa baridi.

"Sasa wewe," Jumaa aliniambia tulipopita Chuka, "unaenda kuposa ama kufungua kiwanda?"

"Nampelekea mzee zawadi."

"Watu hupeleka sukari na blanketi. Wewe unapeleka roboti."

"Si roboti. Ni ngoma."

"Kivuti, mimi nimechuna mbuzi tangu nikiwa na ndevu tatu. Ngozi zao nyingi zimekuwa ngoma. Hakuna hata moja niliyoikuta na waya."

Nilicheka.

Nieleze hizo ngoma, maana ndizo zilizoniua. Mimi ni fundi wa redio. Shule niliiacha darasa la saba kwetu Siakago, huko chini kwenye ukame wa Wambeere, na yote ninayoyajua niliyapata kwa kufungua vitu vya watu nikimwomba Mungu nijue kuvifunga tena. Makandi alikuja dukani kwangu miaka miwili kabla ya siku hiyo. Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule moja karibu na Nkubu, na alikuwa amebeba kinanda cha umeme kilichonyeshewa mvua. Nilimwambia arudi baada ya wiki. Akasema, "Nitakaa hapa mpaka nione unavyokifungua." Akakaa. Alikuwa na miaka thelathini na saba, hana mume, na alikuwa akinitazama mikono, si uso. Mke wangu wa kwanza alikwishanitoka zamani akarudi kwao, na hakuwahi kuitazama mikono yangu hata siku moja. Nilipokirudisha kile kinanda kikalia, Makandi alitabasamu akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayeficha chakula. Basi. Mimi nikaisha hapo.

Baba yake, Mzee Mutembei, alikuwa ameongoza kikundi cha ngoma kwa zaidi ya miaka arobaini. Zile ngoma ndefu ambazo mtu huzibana kati ya miguu akazipiga akitembea. Halafu kiharusi kikamwangusha. Kikachukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Ngoma zake zikabaki zimening'inia ukutani, ngozi zimelegea. Siku moja Makandi aliniletea kanda ya mwaka wa themanini na saba, kikundi cha baba yake kikipiga katika maonyesho ya wakulima. Akaniambia, "Kivuti, jenga kitu Baba ausikie mkono wake tena."

Nikajenga kwa miezi minane. Kila ngoma niliipa mkono wa chuma, na mkono huo ulivutwa na mota ndogo, zile zinazofunga milango ya magari. Nilizitoa kwenye magari yaliyokufa. Chini ya ubao wa kuchezea niliweka sensa kumi na mbili, vidude vya shaba vinavyohisi uzito wa mguu. Mtu akikanyaga, kompyuta inajua amekanyaga wapi na kwa nguvu gani, ngoma zinajibu, na picha inabadilika kwenye shuka ukutani. Ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ngoma zinamfuata mchezaji. Ya pili, ngoma zinaongoza na mchezaji anafuata. Mchezaji alikuwa Makandi. Hapakuwa na mwingine.

Watu wa kituo kimoja cha sanaa Nairobi walikuja Embu kuiona, wakanipa nafasi ya miaka miwili nikaijenge kubwa, na mchezaji wangu pamoja nami. Nilitakiwa huko Agosti. Kwa hivyo mpango ulikuwa huu: mzee asikie ngoma zake, moyo wake ulainike, aseme ndiyo. Jumamosi inayofuata wazee wangu wapande kutoka Siakago na asali ya posa. Mwisho wa mwezi tuondoke mimi na Makandi, mume na mke. Mzee hakuwa amenikataa wala kunikubali. Alikuwa amesema nije, ataniona. Yote yalining'inia kwenye kichwa cha mtu mmoja mgonjwa, kikiinama au kisipoinama.

Kinoti alitupokea langoni. Ni kaka mkubwa wa Makandi, daktari wa mifugo, mtu mrefu asiyetabasamu bure.

"Fundi," alisema. Hakuwahi kuniita jina. "Umekuja na mizigo. Nilidhani ni wazee."

"Wazee watakuja wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Na baba yangu akipenda."

"Na baba yako akipenda."

"Watatuletea nini kutoka huko kwenu chini? Vumbi?"

"Asali," nikasema. "Vumbi tunawaachia bure."

Jumaa alicheka peke yake. Kinoti alimgeukia, akamsalimu vizuri, akamwambia kuna mbuzi nyuma ya nyumba, amchinje yeye mwenyewe kwa kuwa ni Mwislamu, ili watu wote wale bila wasiwasi. Adabu yake ilikuwa nyingi, ila kwangu ilikuwa imekwisha.

Makandi alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Alikuwa amesuka nywele upya. Hakunishika mkono mbele ya kaka yake, lakini alinitazama kuanzia shati mpaka viatu, akabana midomo asicheke.

"Hivyo viatu ni vya nani?" alininong'oneza tulipokuwa tukishusha ubao.

"Vya mchinjaji."

"Vinanuka mbuzi."

"Baba yako atadhani nimekuja na mahari."

Akanigonga bega kwa bega lake, haraka, akapita. Huo ndio mguso wake wa mwisho mwilini mwangu. Laiti ningejua, ningesimama kidogo.

Tulifunga mapazia ya sebule ili picha zionekane. Nje ukungu, ndani giza la mchana. Mzee Mutembei aliketishwa kwenye kiti chake chenye mikono ya mbao, blanketi magotini. Nilimsalimu kwa Kimeru changu cha Kimbeere. Akaitikia kwa nusu mdomo, akanikazia macho. Macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Kando ya kiti chake, chini ya mkono wa kushoto, niliweka sensa moja zaidi, ile niliyojivunia kuliko zote. Ni jicho linalopima umbali, kama yale ya kupimia maji tangini. Mzee akiinua mkono, ngoma zinapanda sauti. Akishusha, zinashuka. Nilitaka awe kiongozi tena. Nilimweleza hivyo kwa maneno machache, akaitikia kwa kichwa. Sijui kama alielewa. Nilikuwa na haraka, sikumwuliza mara mbili.

"Ni mdundo gani?" Makandi aliniuliza, amevua viatu, tayari kando ya ubao.

"Utausikia. Leo ngoma zinaongoza. Wewe fuata tu."

Akanitazama. "Siyo zinifuate mimi?"

"Leo hapana. Leo nataka zitoke safi."

 Akapanda ubao.

Mdundo wenyewe ulikuwa ule wa baba yake, kutoka kwenye kanda. Makandi alikuwa hajausikia kwenye mashine, nilimficha ili uwe zawadi kwa wote wawili. Na hapa nataka niseme kosa langu bila kulipaka rangi. Ile kanda ilikuwa na kasoro. Kila baada ya mapigo matatu, pigo la nne lilichelewa. Kidogo tu, kama mtu anayevuka mtaro. Nimetengeneza redio za kaseti miaka ishirini na tano. Nikisikia hivyo najua: mkanda umevutika, au mpira wa mashine umelegea. Kwa hivyo nikakaa na kompyuta wiki mbili, nikalichukua kila pigo la nne nikalirudisha mahali pake. Mapigo elfu moja na mia mbili. Nilifanya kwa mapenzi. Nilijiambia, mzee atausikia mkono wake ukiwa mpya.

Nikabonyeza.

Ngoma nne zikaanza. Ndani ya sebule zilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, vikombe vikalia kabatini. Kwenye shuka ikatokea picha ya zamani ya kikundi, wanaume kumi na wawili na ngoma zao, na wanawake nyuma. Mzee Mutembei akanyanyua kidevu. Uso wake ukafunguka, upande mmoja tu, lakini ukafunguka. Kinoti alikuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani. Mikono ikashuka.

Nikasema moyoni, nimeoa.

Makandi alikuwa akicheza. Lakini hakucheza vizuri. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unakawia. Ngoma zinatangulia, yeye anazikimbilia, anazifikia, anaachwa tena. Picha kwenye shuka zikawa zinarukaruka kwa sababu sensa zilikuwa zinampata mahali ambapo ngoma zilikwisha kupita. Niliona uso wake umekunjamana, nikamwashiria kwa mkono: fuata, fuata.

Nikamtazama mzee. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinagonga mbao ya kiti. Navyo vilichelewa. Kila pigo la nne, vidole vilikuja nyuma.

Nikamsogelea Kinoti. "Usijali," nikamwambia kwa sauti kubwa kushinda ngoma, "mkono ni ugonjwa. Akiketi na mashine kila siku, itamfundisha."

Kinoti alinigeukia polepole. "Itamfundisha nani?"

Kabla sijajibu, mzee akainua mkono wa kushoto.

Ngoma zikapanda sauti.

Akauinua zaidi, kiganja kimetazama mbele. Ngoma zikapiga kwa nguvu, kikombe kikaanguka kabatini. Mimi nikapiga makofi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilipiga makofi. "Anaongoza!" nikapaza sauti. "Mzee anaongoza!" Na yule mzee, mkono juu, mdomo wazi nusu, akawa anatoa sauti ambayo sikuisikia kwa kelele ya mashine yangu. Aliuinua mkono mpaka kiti kikayumba. Kadiri alivyouinua ndivyo ngoma zilivyomnyeshea.

Makandi ndiye aliyeelewa. Aliruka kutoka ubaoni, akaukamata waya ukutani, akaung'oa.

Mikono ya chuma ikaganda hewani.

"Alikuwa anasema basi," Makandi alisema. Alikuwa anahema. "Mkono wa kusimamisha, Kivuti. Alikuwa anakwambia basi."

Mzee Mutembei alishusha mkono magotini.  Alizungumza, maneno yakitoka nusu nusu, kwa Kimeru. Kimeru na Kimbeere ni ndugu, nikaelewa kila neno, na bado sikuelewa.

"Umempeleka wapi?"

"Nani, Mzee?"

"Lenah. Umempeleka wapi?"

Lenah alikuwa mkewe. Mama yao Makandi. Alifariki miaka sita kabla, sikuwahi kumwona.

Nilimtazama Makandi. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Akaketi chini, pale pale ubaoni.

Kinoti ndiye aliyesema, na hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Mama alikuwa na mguu mmoja mfupi. Ugonjwa wa utotoni. Huo mguu ilikuwa lazima auzungushe kwanza ndiyo ufike chini. Watu walimwambia asicheze. Baba akamwambia, cheza. Na kila pigo la nne, Baba alikuwa anaungoja ule mguu ufike. Kikundi chote kilingoja. Wanaume kumi na wawili wenye mikono mizima, wanangoja mguu wa mama yangu. Miaka thelathini. Na hakuna mtu amewahi kuutaja huo mguu katika boma hili. Mimi nimeutaja leo. Kwa sababu yako."

"Mimi... nilidhani ni mkanda umevutika."

"Mkanda," alisema Kinoti. "Ati mkanda."

Nifanye nini? Mimi ni fundi. Kitu kikiharibika natafuta bisibisi. "Mzee, nitarudisha," nikasema, tayari nimeushika waya. "Ile ya kwanza iko ndani ya kompyuta, sikuifuta. Dakika kumi tu. Dakika kumi nairudisha kama ilivyokuwa—"

"Kivuti," alisema Makandi. "Uache waya."

"Ni dakika kumi."

"Uache waya, tutoke nje."

Nyuma ya jikoni kulikuwa na rundo la kuni chini ya mabati, na manyunyu yalikuwa yanapiga mabati hayo taratibu. Ng'ambo ya ua Jumaa alikuwa anakatakata nyama akiimba. Alikuwa hajajua lolote. Makandi alisimama amejikunyata, mabega yamepanda.

"Kwa nini hukuniambia habari za mguu?" nikamwuliza.

"Kwetu haukutajwa."

"Sasa mimi nitajuaje kitu kisichotajwa?"

"Ulikuwa unakijua. Ulikisikia mwenyewe. Umekisikia kila pigo la nne, wiki mbili nzima, ukakitoa."

"Kwa sababu nilidhani ni kasoro!"

"Ndiyo," alisema. "Najua."

 Nilitaka kumshika, nikaona mikono yangu ina grisi.

"Siku ile ya wageni wa Nairobi," akasema, "uliwaambia nini juu yangu?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

Nilikumbuka. Siku ile ngoma zilikuwa zinamfuata yeye, na yeye alikuwa na kitu, anasita katikati ya mdundo, na ngoma zinasita naye. Nikaona mgeni mmoja ametazama saa. Nikaona haya.

"Nilisema unachelewa," nikasema.

"Ulisema, mchezaji wetu anachelewa kidogo, lakini tutamrekebisha. Wakacheka. Na mimi nikacheka." Alijifuta uso kwa nyuma ya mkono. "Mama ndiye aliyenifundisha kucheza. Nilikuwa nimemshika kiuno kwa nyuma, nafuata kila anachofanya. Miguu yangu ni mizima, Kivuti, lakini inacheza kama yake. Sijui kucheza vingine. Njia nzima siku ile, ulipokuwa ukinisindikiza, nilikuwa nangoja uniulize, Makandi, mbona unasita pale? Ungeuliza ningekwambia. Wewe ungekuwa mtu wa kwanza kumwambia duniani."

"Nilikuwa na haraka."

"Wewe una haraka siku zote."

Hapo nilisema neno ambalo nililisema kwa moyo mweupe, na Mungu ni shahidi. "Sitaenda Nairobi."

Akainua macho.

"Jumatatu nitawapigia simu. Wampe mwingine hiyo nafasi. Nitahama Embu, nitapanga chumba hapa Nkubu, nifungue kibanda sokoni. Redio haziishi. Nitakuja kwa mzee kila jioni, anifundishe. Anipige hata na fimbo. Nitajifunza huo mdundo kwa mkono wangu, bila mashine."

Nilimwona akibadilika. Tangu tutoke sebuleni uso wake ulikuwa umefungwa, sasa ukaanza kufunguka, kwa woga, kama uso wa baba yake ulivyofunguka. Akanisogelea hatua moja. Nilisikia harufu ya moshi wa jikoni kwenye leso yake.

"Unasema kweli?"

"Kweli."

"Utaiacha Nairobi kwa ajili ya mzee mgonjwa?"

"Kwa ajili yako."

"Utakaa hapa muda gani?"

"Nitakaa tu," nikasema. "Mpaka mzee..."

Nikauma ulimi. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka, limesimama kati yetu na miguu yake yote.

"Maliza," alisema Makandi.

"Sikumaanisha hivyo."

"Maliza, Kivuti. Mpaka mzee nini?"

Mtu aliyesoma labda angepata mlango wa kutokea. Mpaka mzee apone. Mpaka mzee akubali. Mimi nilitafuta kichwani nikakuta neno moja tu, na alikuwa ameliona usoni mwangu.

"Mpaka afe," alilisema yeye mwenyewe, polepole.

Sikubisha. Huo ndio ukweli ambao nimekaa nao tangu siku ile. Nilikuwa nimeufikiria hata kabla. Njia nzima kutoka Embu, nikiwa na shati langu jeupe, nilikuwa nimewaza: hata akikataa, mzee ana mwaka, miaka miwili ikizidi, halafu Makandi atakuwa huru. Niliwaza hivyo kama mtu anavyowaza mvua.

"Makandi."

"Nakupenda," alisema. "Nisikufiche hilo. Nimekupenda tangu kile kinanda. Nilikuwa nimejipanga nife na wewe." Sauti yake ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Lakini siwezi kulala kitanda kimoja na mtu anayemngojea baba yangu afe. Kila asubuhi nitakuwa nakutazama uso, nione kama umesikia habari."

"Nitabadilika. Nipe mwezi mmoja."

"Umeona? Mwezi mmoja."

Nilinyoosha mkono, nikasahau grisi. Alirudi nyuma, akavuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole. Hakuwa ananidharau. Alikuwa anajizuia, nilimwona.

"Chakula kiko tayari," alisema. "Ingia ule. Njia ni ndefu."

"Siwezi kula, Makandi."

"Utakula. Mtu hatoki kwetu na njaa."

Akaingia jikoni. Nikabaki na mabati na manyunyu.

Jumaa alinikuta hapo, kisu mkononi, ametabasamu. "Eh, bwana arusi! Mbona umejificha kwa kuni? Wamekukubali?"

"Tutakula, halafu tutapakia."

Alinitazama. Jumaa ana mdomo mrefu lakini si mjinga. Akafuta kisu kwenye nyasi, akasema, "Pole, ndugu yangu," akanitangulia ndani.

Sebuleni walikuwa wamefungua mapazia. Ngoma zangu nne zilisimama kando na mikono yake ya chuma, hakuna aliyezigusa. Mzee Mutembei alikuwa amegeuzwa kutazama dirisha. Nilimwendea, nikapiga goti, nikasema, "Mzee, nisamehe." Aliniwekea kiganja cha kushoto kichwani. Kilikuwa kizito na cha joto. Alikiacha hapo kidogo, akakitoa, akarudi kutazama migomba. Alikuwa amenisamehe, na haikusaidia kitu.

Meza ilikuwa imejaa. Mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, mbuzi wa kuchoma na wa mchuzi, kitoweo cha kuku, uji wa wimbi kwenye kibuyu. Kilikuwa chakula cha furaha, kimepikwa tangu asubuhi na mtu aliyekuwa na furaha.

Mwaka mzima nilipokuwa nikifika hapo Makandi hakuniandalia mezani. Alikuwa akiniita jikoni, ananipa kigoda, ananipakulia mwisho kabisa pamoja na yeye, na tulikuwa tunakula tukigombania ukoko. Siku hiyo alikuja na birika la maji ya moto na beseni. Akampita kaka yake. Akampita baba yake. Akaja kwangu kwanza.

"Karibu unawe," alisema.

Nikanyoosha mikono. Akamimina. Grisi haikutoka mara moja, nikawa nasugua, na yeye anamimina, macho kwenye maji. Sikuona macho yake tena. Akampa Jumaa, kisha baba yake, kisha Kinoti. Akaniletea sahani iliyofunikwa, mapaja na maini, nyama ya mgeni wa heshima. Akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Halafu akaketi mbali, karibu na dirisha, akaanza kumlisha baba yake kwa kijiko.

Tulikula. Jumaa alisema mbuzi alikuwa mzuri. Kinoti akasema ndiyo, alikuwa wa miaka miwili, hajawahi kuugua. Mvua ikaongezeka. Nilimeza kila tonge kama mtu anayemeza dawa, nikitazama mgongo wa sweta yake.

Kinoti alivuta bakuli la nyama, akachagua kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani yangu. Hakuwa na kejeli usoni. Alikuwa mpole, mpole kabisa, kama alivyokuwa kwa Jumaa tangu asubuhi, kwa adabu ya mgeni.

"Ongeza, Bwana Kivuti," alisema. "Umekula kidogo sana. Usione haya, hapa ni kama kwenu."

Nikamshukuru. Nikakichukua kile kipande, nikakila chote.